Ukurasa wa Kuvukia Ruvuma

Jumatatu, 30 Septemba

Nimeshinda nikijibu simu za malalamiko. Yaleyale. Ukurasa mweupe. Kiduara kinazunguka tu. Nimebonyeza, sijui kama nimepata. Nawajibu kwa sauti ya upole ambayo si yangu: funga, fungua tena, sogea penye mtandao. Nimekuwa mganga mwenye dawa moja.

Mfumo wenyewe ni wa boti za kivuko cha Kilambo. Umoja wa wenye boti ulitaka abiria wa kuvuka Ruvuma aone kwenye simu boti zipi zinaondoka, ashike nafasi, asiende kukaa kwenye matope nusu siku. Bwana Hashimu, mwenye ofisi hii, aliuandika mwenyewe kwa fremuweki ya JavaScript, kiunzi cha kujengea kurasa, ile inayosifiwa na kila mtu. Unapendeza, sikatai. Kiboti kinateleza juu ya skrini, vitufe vinabadilika rangi. Kwenye simu yake ya bei mbaya, hapa mjini, mfumo unaruka.

Yustina ameanza tena leo. Huyu ni mwandishi wa programu mwenzangu, Mngoni wa Songea, kwa hiyo ni mtani wetu Wamakonde, na mdomo wake hauna mlango. Anasema tunaibebesha simu ya mchuuzi kiwanda kizima ili ikamuulizie boti moja. Hashimu amecheka. Mimi nimekasirika. Fremuweki hiyo ndiyo kitu pekee ninachokijua vizuri, nimeisotea miaka, na sipendi mtu aiguse.

Jumanne, 1 Oktoba

Mama mkubwa Fatu amefariki. Alfajiri, kijijini kwake ng'ambo, upande wa Msumbiji. Mama yangu na yeye ni tumbo moja, na ndio waliokuwa wamebaki wawili.

Mazishi ni kesho baada ya adhuhuri. Wamekubali kumsubiri Mama. Hati yangu ya kuvukia imekwisha muda, kwa hiyo ataenda peke yake, nitamsindikiza mpaka mtoni. Ameshika nafasi mwenyewe kwa simu yake, hakutaka nimsaidie. Kikatokea kile kialama cha kijani: Nafasi yako ipo, boti ya saa nne. Amenionyesha mara mbili.

Jumatano, 2 Oktoba

Mama hakuvuka. Mama mkubwa amezikwa bila yeye.

Tulifika Kilambo mapema, hata jua halijawa kali. Mto ulikuwa umekupwa, mchanga mtupu, boti zimelala ubavu. Bi Sharifa, katibu wa umoja, akashangaa kutuona. Ni siku za bamvua, akasema, maji yamejaa alfajiri, boti zote zimeondoka na maji, na yeye aliibadilisha ratiba tangu jana, akaiingiza kwenye mfumo kama tulivyomfundisha. Nikampa simu ya Mama. Tumesimama pale, mto mkavu mbele yetu, na simu bado inasema boti ya saa nne, kijani kibichi kabisa.

Sharifa akafungua kwake. Hakuna boti ya saa nne. Jina la Mama halimo kwenye safari yoyote.

Nimeelewa palepale, na nimetamani nisielewe. Ratiba ilikuwa imekaa ndani ya simu tangu wiki iliyopita. Alipobonyeza, simu ikamwambia amepata kabla ya kuiuliza seva, kompyuta yetu inayotunza safari zote, ili ionekane nyepesi. Ombi lenyewe halikufika popote. Simu ilijipongeza peke yake.

Boti za jioni zilikuwepo, lakini ng'ambo hakuna usafiri wa usiku kwenda kule kijijini. Ilipofika adhuhuri Mama akaswali pale kandokando ya mto. Kisha akasema turudi, wameshamzika.

Ijumaa, 4 Oktoba

Presha ya Mama imepanda. Daktari amesema apumzike, asisafiri. Tumeweka matanga hapa nyumbani, Mtawanya. Majirani wamejaa. Mama amegeukia ukuta. Hali chakula. Jana nimemsikia akimwambia jirani maneno haya tu: "Alinisubiri, ntu nzima, nami sikwenda." Nimetoka nje nikalia kwenye mabibo yaliyooza, nyuki wakiniandama.

Namchukia Hashimu leo. Naandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia.

Jumamosi, 5 Oktoba

Siku ya hitima. Sijui nianzie wapi. Nianze na Yustina.

Amekuja kama mtani anavyokuja msibani. Kanga kichwachini, sufuria kichwani, mchi wa kutwangia begani kama bunduki. Akalala kizingitini, akasema hakuna anayepita bila kulipa, marehemu alimla ng'ombe wa babu yake. Wazee wakacheka, maana ndiyo kazi ya mtani, na hakuna anayeruhusiwa kununa. Akaiba pilau ya mashehe. Akamlilia Mama mkubwa kwa sauti ya uongo mpaka watu wakashika mbavu.

Hashimu akaja na kanzu yake safi ya Mikindani, rambirambi mkononi. Mtu wa adabu, sikatai. Akakaa mkekani, akaiweka simu yake pembeni aombe dua. Alipofumbua macho simu haipo. Iko kifuani kwa Yustina, imefungwa kwenye pindo la kanga.

Desturi ni kugomboa. Hashimu akatia mkono mfukoni. Yustina akakataa pesa. Akampa simu yake mwenyewe ya zamani, kile kisimu chenye kioo kilichopasuka, akasema mbele ya mashehe na wenye msiba:

"Nenda Kilambo na hiki. Shika nafasi ya boti kwa mfumo wako mwenyewe, bila kuomba msaada wa mtu. Ukipata, njoo uchukue simu yako."

Watu wote wakajua anasema nini. Mimi nilitaka ardhi inimeze. Hashimu uso ulimbadilika, lakini angefanya nini? Mtani kasema, na penye utani msibani mkubwa na mdogo wote sawa. Hata shehe alikuwa anacheka ndevu zikitikisika. Hashimu akakipokea kile kisimu kwa mikono miwili.

Na Mama alicheka. Nimemwona. Alijifunika mtandio, mabega yakawa yanatikisika, na kicheko kikageuka kilio, hatimaye kile kilio chenyewe. Baadaye akala.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimekwenda Kilambo na Hashimu. Kile kisimu kilikuwa mfukoni mwake.

Akakaa juu ya gogo, akafungua mfumo wake. Mweupe. Akangoja. Akasogea kwenye kichuguu penye mtandao kidogo. Kiduara. Wachuuzi wa dagaa wakamzunguka kumpa ushauri, maskini, wakidhani ni abiria mgeni. Mama mmoja akamwambia azime simu awashe. Ni ushauri wangu ule, umezunguka umerudi.

Ukafunguka jua likiwa juu. Akabonyeza. Kijani. Akainuka, nikaona furaha usoni mwake, akaenda kwa Sharifa. Sharifa akatazama kwake, akatikisa kichwa. Hayumo.

Hakubishana. Alikaa tena juu ya gogo, kofia mkononi, akawa anatazama upande wa ng'ambo. Nilikuja nikiwa na hasira yangu nimeibeba kama mtungi, nikashindwa mahali pa kuitua. Tukiwa tunarudi akasema jambo moja tu: "Mama yako alikaa hapa."

Nikasema ndiyo.

Jumanne, 8 Oktoba

Hashimu amemwambia Yustina aandike upya anavyotaka yeye. Muda ni mpaka arobaini ya Mama mkubwa, tarehe tisa Novemba, kwa sababu Mama amesema siku hiyo atavuka hata kwa kuogelea. Mfumo usipokuwa tayari tunarudi kwenye ule wa zamani na kuutia viraka. Simu yake amerudishiwa. Yustina anasema amegomboa kwa jasho, inatosha.

Mimi nimepewa kumsaidia Yustina. Sina raha. Anachokitaka ni ile kazi ya zamani, tuliyofundishwa mwaka wa kwanza chuoni tukaicheka: seva inatuma ukurasa, kivinjari kinauonyesha, basi. Anaiita haipamidia, kwa mbwembwe, kana kwamba amevumbua moto.

Alhamisi, 10 Oktoba

Leo Yustina amenieleza.

Mgeni akija, anasema, unampa ugali. Humpi muhogo, kinu na kuni, ukamwambia ajipikie. Mfumo wetu unatuma kuni. Simu inapokea programu nzima, kisha takwimu mbichi, kisha inapika yenyewe, na ikiwa dhaifu inaungua. Yeye anataka seva itume HTML, ukurasa wenyewe uliokwisha kuiva. Mtu akibonyeza, ombi linakwenda seva, seva inarudisha kipande cha ukurasa, kipande kile kinakaa mahali pake. Kazi ya JavaScript inayobaki ni kupokea kipande na kukiweka. Kafaili kadogo, tumekapakua kakaingia kabla sijapepesa.

Nikamuuliza, na sheria za safari je? Nani atajua boti imejaa, nani atajua maji yamekupwa? Akaniangalia kama mimi ndiye Mngoni. Seva, akasema. Seva peke yake. Boti ikijaa, ukurasa unakuja bila kitufe cha kushika nafasi. Kitufe kikiwepo unaweza, kisipokuwepo huwezi. Simu haina haja ya kujua kwa nini.

Nimetembea na hilo jioni nzima. Sisi tuliiandika sheria mara mbili, kwenye seva na kwenye simu, na zile mbili zikakosana siku ya mazishi.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimefuta. Folda nzima ya upande wa simu. Nilidhani nitaumia. Niliona haya kidogo kwa mambo niliyokuwa nayaona ya akili sana: hifadhi ya hali, visawazishi, vijumbe vya kupeleka habari kutoka kona hii kwenda kona ile ya ukurasa uleule. Yote yalikuwa ya kutunza nakala ya kitu ambacho seva inacho tayari.

Yustina anaandika anaimba. Kwaya ya kanisani kwao. Anaimba vibaya. Lakini kazi yake inasomeka kama mtu anayekuelekeza njia: ukifika hapa utaona hiki, ukitaka unaweza kwenda pale au pale. Sijawahi kusoma programu nikaelewa bila kurudi juu. Namhusudu, na nampenda, na leo nimemletea ming'oko, vile viazi pori vya kwetu. Ameimenya, ameionja, amesema sasa anaelewa kwa nini Wamakonde walishindwa vita.

Jumamosi, 19 Oktoba

Ukurasa wa kwanza umesimama. Hauna kiboti kinachoteleza. Jina la kivuko, hali ya maji, safari zilizopo, na chini ya kila safari kitufe, au maelezo mafupi kwa nini hakuna kitufe. Mbaya wa sura. Nimeufungua kwa kile kisimu kilichopasuka, hapa uani, mtandao ukiwa umelegea. Ukaja. Nimeufunga nikaufungua tena kwa raha tu.

Mama amepita akauliza nacheka nini. Nikamwonyesha. Akatazama, akarudisha simu, akaenda kupepeta. Hajaushika mfumo tangu siku ile. Sikumlazimisha.

Alhamisi, 24 Oktoba

Balaa. Sharifa alikuwa anaujaribu Kilambo na abiria kumi hivi. Mzee mmoja amepata viti viwili, mwingine vitatu. Mtandao ulizubaa, wakabonyeza tena na tena, kila ombi likafika na kila ombi likapewa kiti. Boti ikaonekana imejaa na nusu yake ni hewa.

Hashimu hakuficha furaha yake. Ule wa kwake ulizima kitufe ukishabonyezwa, akasema, jambo la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Yustina akainamia skrini, utani wote umemwisha. Mimi nikaona arobaini inakuja na sisi tunarudi kwenye kijani cha uongo. Nimegombana na wote wawili. Nimemwambia Hashimu kuwa mama yangu si uwanja wake wa kushindania. Nikaondoka kabla ya muda, na sikuaga.

Ijumaa, 25 Oktoba

Nimekuja asubuhi na uso wa kuomba radhi, nikamkuta Hashimu kakaa kiti cha Yustina. Ameirekebisha yeye. Kila ukurasa wenye kitufe cha kushika nafasi sasa unatoka seva na alama yake ya siri. Alama ileile ikija mara ya pili, seva haitoi kiti kingine, inarudisha jibu lilelile la kwanza. Bonyeza hata mara ishirini. Na kitufe kinajizima pia, hilo hakuliacha.

Yustina amesoma, amesoma tena. Kisha akasema, mbele yangu, kuwa hiyo ni kazi safi kuliko ambavyo yeye angefanya. Hashimu akasema alhamdulillahi, akajifanya anatafuta chaja.

Jumatano, 30 Oktoba

Tumehamia mfumo mpya moja kwa moja. Simu za malalamiko leo: mtu mmoja, anauliza kile kiboti kimekwenda wapi, mtoto wake alikuwa anakipenda. Nimekaa mezani sina la kufanya, nimepanga waya kwenye droo.

Hashimu anataka baadaye ramani inayoonyesha boti zikitembea. Nilidhani Yustina atamrukia. Akasema hiyo sawa, ramani hai inataka JavaScript yake, ikae kwenye ukurasa wake, atakayeitaka aifuate. Anapenda ubishi huyu, lakini si mbishi wa kijinga.

Jumanne, 5 Novemba

Mama ameshika nafasi. Boti ya Ijumaa asubuhi, alale kwa mabinti wa marehemu, Jumamosi arobaini. Amekaa na ile simu mapajani muda mrefu kabla ya kubonyeza. Ukurasa ukarudi na jina lake na kiungo kimoja chini: Tazama safari yangu. Hakuna kijani. Akaniuliza, hiki kinasema kweli? Nikamwambia kinasema kile anachokijua Sharifa, si zaidi. Akasema Sharifa anamwamini.

Kesho naondoka na Hashimu kwenda Msimbati, vikundi vya mwani vinataka ukurasa wao wa mnada. Turudi Alhamisi. Nimemwambia Mama kila akiamka abonyeze kile kiungo. Ameniambia nisimfundishe kuamka.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimerudi alasiri, mlango una kufuli. Ufunguo uko kwa jirani. Jirani anasema Mama ameondoka leo alfajiri na kifurushi chake, amesema anavuka.

Leo ni Alhamisi. Nafasi yake ni ya kesho. Nikafikiri ni presha, amechanganyikiwa, au ukurasa umemwonyesha uongo tena. Simu yake haipatikani. Ng'ambo mtandao ni wa bahati.

Nimempigia Sharifa. Anasema jana mchana manahodha walipima maji wakaona fungu la mchanga limehama, na kesho ni maji mafu, hakuna boti itakayopita. Akaingia kwenye mfumo akaifunga safari ya Ijumaa. Hakumpigia mtu yeyote, hana simu ya kila mtu. Basi.

Nikafungua safari ya Mama kwenye seva nikasoma kilichotokea. Jana alasiri alibonyeza kile kiungo. Ukurasa ukamjia hivi: Boti ya Ijumaa haitavuka, maji ni madogo. Chini yake vitufe viwili. Hamia boti ya Alhamisi asubuhi. Futa safari. Hakuna hata mmoja wetu aliyeviweka vitufe hivyo kwenye simu ya Mama. Havikuwepo asubuhi ile. Mto ulibadilika, Sharifa akasema, seva ikaandika, na kitu pekee ambacho Mama alihitaji kukifanya kikamfikia mkononi kama maandishi ya kawaida na kitufe chake. Akahamia.

Kwenye ukurasa wake sasa imeandikwa: Amepanda. Sharifa ameithibitisha mwenyewe ukingoni.

Nimeisoma nikiwa nimesimama jikoni. Kazi hii nimeifanya miaka na sikuwahi kuionea fahari namna hii. Nimempigia Yustina nikamweleza. Akasema Wamakonde kumbe wanaweza kusoma.

Ijumaa, 8 Novemba

Hakuna boti iliyovuka. Sharifa anasema watu wachache tu walifika mtoni, wale wasio na simu, na amewatafutia pa kulala. Kutoka kwa Mama hakuna neno. Ukurasa unasema alipanda, hausemi alifika. Njia ya kutoka mtoni mpaka kule kijijini siijui. Ninajua ukurasa usichokijua haukisemi, na leo tabia hiyo ninayoisifu imenitesa kutwa.

Jumamosi, 9 Novemba

Arobaini. Tumesoma hitima ndogo hapa nyumbani, mimi na majirani. Yustina amekuja, bila sufuria safari hii, kavaa baibui la kuazima linalomvuta miguuni. Hashimu ameleta tende. Tukakaa uani watu watatu wa ofisi moja na hakuna aliyezungumzia kazi. Kila simu ilipolia wote tuliangalia ya kwangu.

Hajapiga.

Jumanne, 12 Novemba

Mama amerudi.

Amekuja na mzigo wa muhogo mkavu, miguu ina matope mpaka magotini, amekonda kidogo na uso umetulia. Nimempa maji ya kuoga, nimempikia. Akala akisimulia. Amesimulia kila kitu. Boti ilivyokwaruza mchanga wakashuka kusukuma, wanawake kwa wanaume. Bibi mmoja aliyebeba jogoo. Pikipiki aliyoipanda ng'ambo, na dereva aliyekuwa mjukuu wa mtu wanayejuana. Mabinti wa Mama mkubwa walivyomwona akishuka wakadhani ni mama yao, maana wanafanana, wakapiga kelele mtaa mzima ukatoka. Kaburi liko chini ya mkorosho wa zamani alioupanda marehemu mwenyewe. Amelifagia. Amekaa nalo siku tatu, asubuhi na jioni, akimsimulia nduguye mambo ya huku, nani kaoa, nani kafa.

Nikangoja afike kwenye ukurasa. Alivyobonyeza, alivyoona vile vitufe viwili, alivyohamia. Hakufika. Kwenye masimulizi yake alitaka kuvuka, akavuka. Sikuuliza, nikamwongezea chakula.

Sasa amelala, mlango wazi, jua la alasiri limeingia mpaka kwenye mkeka. Kabla ya kusinzia aliniita. "Nimemwambia kilichonizuia siku ile," akasema. "Nimemwambia, na ntima wangu umetua."